Mshale wa Spidi Haujui Kona

Basi la mikoani linaingia kona likiwa kwenye kilomita 80 kwa saa, linatokea upande wa pili likiwa kwenye 80 ile ile. Mshale wa spidi haujacheza. Kidhibiti mwendo, ambacho magari ya abiria nchini Kenya yanalazimika kufungwa tangu 2004 ili yasivuke kilomita 80, hakijaona sababu ya kuingilia. Hata trafiki aliyejibanza na tochi yake ya kupimia mwendo mbele kidogo hana la kuandika. Ukivisikiliza vyombo hivyo vyote utaambiwa kwamba hakuna kilichotokea. Ila abiria aliyekaa dirishani, upande wa nje wa kona, amebanwa ubavuni na jirani yake, mabegi kwenye keria ya ndani yamesogea upande mmoja, na matairi ya nje yamelemewa kuliko ya ndani. Kuna kitu kimebadilika, tena kwa nguvu, huku namba kwenye dashibodi ikiwa imetulia palepale.

Ninalotaka kulionyesha ni kwamba kitu kinachozunguka duara kwa kasi isiyobadilika hubadilisha mwendo wake kila nukta, na mabadiliko hayo ni halisi sawa na ya gari linalofunga breki. Kasi hujibu swali moja tu: umbali gani kwa muda gani. Haiulizi unaelekea wapi. Mabasi mawili yanayopishana Mikumi, moja likienda Iringa na jingine Dar es Salaam, yanaweza kuwa na kasi sawasawa kabisa, lakini hakuna mwenye akili timamu atakayedai yana mwendo mmoja, hasa kama yamekutana upande mmoja wa barabara. Ndiyo maana wanafizikia huifunga kasi pamoja na mwelekeo katika kipimo kimoja, kasimwelekeo, na sheria za mwendo hufuata kipimo hicho. Kwenye barabara iliyonyooka tofauti haionekani, kwa hiyo tunazoea kuisahau. Kwenye duara haifichiki. Anayezungusha jiwe kwa kombeo juu ya kichwa anaijua kwa mikono yake: jiwe likiachiwa halimrudii, wala halimkimbii kwa kufuata usawa wa kamba, bali linashika mstari ulionyooka kuelekea kule lilikokuwa likielekea wakati ule ule kamba ilipoachia. Anayetaka kumpiga ndege aliye mbele yake huachia jiwe likiwa ubavuni. Akingoja lifike mbele, litapita pembeni kabisa.

Ikiwa mwelekeo unabadilika, lazima kuwe na kinachoubadilisha, na gharama yake inahesabika. Chukua kasi kwa mita kwa sekunde, izidishe kwa yenyewe, kisha igawe kwa nusu kipenyo, yaani umbali kutoka kitovu cha duara hadi kwenye njia ya kitu. Unachopata ni mchapuko, kiasi ambacho kasimwelekeo inabadilishwa kila sekunde, na siku zote huelekea kitovuni. Tulirudie basi letu. Kilomita 80 kwa saa ni mita 22.2 kwa sekunde, na mraba wake ni kama 494. Kona ikiwa na nusu kipenyo cha mita 100, mchapuko ni mita 4.9 kwa sekunde kila sekunde. Kitu kilichoachiwa hewani huanguka kwa mchapuko wa 9.8, kwa hiyo matairi yanatakiwa kupata kutoka kwenye lami nguvu ya ubavuni inayokaribia nusu ya uzito wa basi zima, abiria na magunia yao ndani. Ikaze kona hadi mita 50, na nguvu inayotakiwa inalingana na uzito wote wa basi. Tairi la kawaida kwenye lami ya kawaida, hata kavu, haliwezi kuitoa, na mvua ikinyesha hali ni mbaya zaidi. Isitoshe, basi refu lenye mzigo juu laweza kupinduka kabla halijaanza kuteleza. Sasa punguza kasi hadi 40 kwenye kona ile ya mita 100: mchapuko unashuka hadi 1.2, robo ya ule wa kwanza, kwa sababu kasi inaingia kwenye hesabu mara mbili. Hapo ndipo wahandisi wa barabara hupata kazi yao. Kona iliyojengwa vizuri imeinuliwa upande wa nje, ili lami yenyewe isaidie kulisukuma gari kuelekea ndani na isiyaachie matairi kazi yote.

Mtu anaweza kunijibu kwamba basi kidhibiti mwendo ndicho dawa, maana kinazuia kile kinachozidishwa kwa chenyewe. Sikatai, kinasaidia sana. Lakini kinapima kasi peke yake, na kona inadai hesabu yenye vitu viwili. Chombo kisichojua nusu kipenyo hakiwezi kujua kama 80 ni salama au ni msiba, na kwenye kona za Mlima Kitonga, Iringa, hakuna dereva mzoefu anayengoja kifaa kimwambie. Kibao cha kasi kilichosimikwa kabla ya kona huwa na namba ndogo kuliko ya barabara nzima kwa sababu hiyo hiyo. Wanaokidharau kwa kuwa "gari halijafika hata spidi ya kidhibiti" wanachanganya mambo mawili ambayo mwili wa abiria hauyachanganyi.

Pingamizi kubwa zaidi linatoka kwa abiria mwenyewe. Atasema: mimi nilihisi natupwa nje, na wewe unaniambia nguvu inaelekea ndani. Nani wa kuaminiwa? Hisia yake ni ya kweli, ila tafsiri yake ndiyo yenye shida. Mtazame ukiwa umesimama kando ya barabara. Mwili wake ulikuwa unakwenda mbele kwa mstari ulionyooka na ungeendelea hivyo hivyo; basi ndilo lililokata kona. Kiti kikasogea chini yake, ukuta wa basi ukamfuata hadi ukamgusa bega, kisha ukaanza kumsukuma kuelekea ndani ya kona. Kutoka ndani ya basi tukio hilo hilo linaonekana kinyume, kana kwamba yeye ndiye aliyerushwa ukutani. Njia nzuri ya kuijaribu nguvu yoyote ni kuuliza nani anaitoa. Anayesukuma kwenda ndani tunaweza kumwonyesha kwa kidole: ukuta, kiti, na chini yao matairi na lami. Anayevuta kwenda nje hayupo. Hakuna kamba, hakuna mkono, hakuna sumaku. Ni kweli kwamba wahandisi wakitaka kupiga hesabu zao kana kwamba basi limetulia huiandika nguvu ya kwenda nje, na majibu yao hutoka sawa. Hiyo ni haki yao, mradi wakumbuke kwamba wameiweka ili vitabu vyao vya hesabu vilingane. Akitoka mtu mlangoni kwa bahati mbaya katikati ya kona, wa kando ya barabara atamwona akiendelea mbele upande basi lilikokuwa likielekea, kama lile jiwe la kombeo.

Si ajabu kwamba jambo hili linatusumbua, kwa kuwa liliwasumbua watu wenye akili kubwa kwa karne nyingi. Aristotle alifundisha kwamba kuzunguka duara ni tabia ya asili ya vitu vya mbinguni, hivyo njia zake hazihitaji nguvu ya kuzipinda. Hata Galileo hakuachana kabisa na fikra hiyo. Aliyeikokotoa gharama ya kupinda njia ni Christiaan Huygens wa Uholanzi, mwaka 1659. Alitangaza kanuni zake mwaka 1673 katika kitabu chake kuhusu saa za timazi, bila kuonyesha jinsi alivyozipata. Isaac Newton aliifikia hesabu hiyo kwa njia yake, na katika kitabu chake kikuu cha mwaka 1687 akaielekeza kwa mwezi. Mwezi uko umbali wa takriban kilomita 384,400 kutoka katikati ya dunia, na unatuzunguka kwa kasi inayozidi kidogo kilomita moja kwa sekunde. Zidisha kasi kwa yenyewe, gawa kwa umbali, utapata mchapuko wa mita 0.0027 kwa sekunde kila sekunde. Umbali huo ni kama mara 60 ya nusu kipenyo cha dunia. Ikiwa mvutano wa dunia hupungua kwa mraba wa umbali, basi kule kwenye mwezi unatakiwa uwe 9.8 gawa kwa 3,600. Jibu: 0.0027. Hesabu mbili, moja imeanzia kwenye duara la mwezi na nyingine kwenye kitu kinachoanguka kutoka mkononi mwa mtu, zimekutana mahali pamoja. Kwa maoni yangu hakuna ushahidi mzuri kuliko huo kwamba mwezi, pamoja na utulivu wake wote, unaanguka. Kila sekunde unakwenda mbele kilomita moja na kudondoka kuelekea kwetu kama milimita 1.4, unene wa sarafu.

Mbona basi haujafika? Swali hilo ni la haki, na jibu lake limo ndani ya namba hizo mbili. Milimita 1.4 za kuanguka ndizo hasa zinazotosha kuurudisha mwezi kwenye duara baada ya kilomita moja ya kwenda kombo. Ungesimamishwa ghafla, ungeanguka moja kwa moja. Usingevutwa, ungeondoka moja kwa moja. Linakuja tena swali la pili, gumu kidogo: kama kitu kinavutwa mwaka baada ya mwaka, kwa nini kasi yake haipandi? Kwa sababu mvuto unaelekea kitovuni na mwendo unaelekea pembeni, pembe mraba kabisa. Nguvu inayovuta kwa mbele huongeza kasi, inayovuta kwa nyuma huipunguza, na inayovuta ubavuni tu haina njia ya kufanya lolote kati ya hayo. Inachoweza ni kugeuza. Haitumii nishati hata kidogo kufanya hivyo.

Mfano mzuri kuliko wote kwa watu wa pwani yetu uliruka kutoka baharini karibu na Malindi. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipokuwa inaadhimisha miaka saba ya uhuru, roketi aina ya Scout ilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano la San Marco, lililosimama majini nje ya Ngomeni, ikiwa imebeba setilaiti ya Marekani. Setilaiti hiyo ilipewa jina la Uhuru kwa heshima ya siku ile na ya wenyeji, na ilikuwa ya kwanza kutengenezwa mahsusi kwa ajili ya kutafuta eksirei zinazotoka angani. Orodha ya mwisho iliyotokana na kazi yake ina vyanzo 339. Ilizunguka dunia katika njia iliyokaribia duara kamili, zaidi ya kilomita 500 juu yetu, kwa kama kilomita 7.6 kila sekunde, na mzunguko mmoja uliichukua dakika 96 hivi. Fikiria dakika 48 baada ya kupita juu ya Malindi. Kasi yake ni ile ile, 7.6. Lakini iko upande wa pili wa dunia, na mwelekeo wake umegeuka kinyume kabisa na ule wa mwanzo, kwa hiyo kasimwelekeo yake imebadilika kwa kilomita 15 na ushei kwa sekunde. Kigezo cha kasi kinasema sifuri. Kigezo cha kasimwelekeo kinasema badiliko kubwa kuliko lolote ambalo roketi ya Scout iliwahi kulifanya. Na dakika nyingine 48 zikipita, imerudi ilikoanzia: wastani wa kasi yake ni 7.6, wastani wa kasimwelekeo yake ni sifuri, maana haijafika popote. Uhuru iliteketea ilipoingia tena kwenye hewa nzito mwaka 1979, na mwisho wake una kichekesho kwa anayeiamini kasi peke yake. Hewa nyembamba ya kule juu iliikwaza kidogo kidogo, nayo ikawa inaongeza kasi, kwa kuwa kila ilipokwazwa ilishuka kwenye duara dogo zaidi, na duara dogo huhitaji mwendo mkali zaidi.

Jukwaa lile halikuwekwa karibu na ikweta kwa bahati. Dunia nzima inajizungusha mara moja kwa saa 23 na dakika 56, lakini si kila mahali panapokwenda kwa kasi moja, kwa kuwa maduara hayalingani. Nairobi na Malindi huzunguka kwa karibu mita 465 kwa sekunde, zaidi ya kilomita 1,600 kwa saa, wakati London inazunguka kwa kama 290. Roketi inayorushwa kuelekea mashariki kutoka pwani yetu inaondoka na zawadi hiyo ya mita 465 kabla haijawasha injini. Anayetilia shaka huuliza kwa nini hatuisikii. Tujibu kwa sehemu mbili. Kasi yenyewe haihisiki, kama isivyohisika ndani ya ndege iliyotulia angani. Kinachohisika ni badiliko, na badiliko hili ni dogo: mraba wa 465 ukigawiwa kwa nusu kipenyo cha dunia, mita milioni 6.378, hutoa mchapuko wa 0.034, sehemu moja kati ya 290 hivi ya mvutano. Mtu wa kilo 60 aliye kwenye ikweta akipanda mizani ya springi, mzunguko huo peke yake unaipunguzia mizani kama gramu 200, kwa kuwa sehemu hiyo ya mvutano imeshatumika kumpindisha pamoja na ardhi aliyosimama juu yake. Kidogo, lakini kilishanaswa zamani. Mwaka 1672 mwanafalaki Mfaransa, Jean Richer, alipeleka Cayenne, karibu na ikweta huko Amerika ya Kusini, saa ya timazi iliyokuwa ikienda sawasawa Paris. Ikawa inachelewa kama dakika mbili na nusu kila siku, akalazimika kuifupisha timazi yake. Newton alieleza kwa nini: kuzunguka kunapunguza mvutano unaobaki, na huko huko kuzunguka ndiko kulikoifanya dunia itutumke ikwetani, kwa hiyo mtu wa Cayenne yuko pia mbali zaidi na kitovu.

Anayetaka kuona jambo lote kwa mkupuo mmoja na amtazame fundi akifunga dishi la televisheni. Analigeuza, anakaza bolti, anashuka kwenye ngazi na haliangalii tena, kana kwamba alichokielekea kimesimama. Setilaiti inayolengwa na dishi hilo iko kilomita 35,786 juu ya ikweta na inakwenda kilomita 3 kwa kila sekunde. Inaonekana imetulia kwa sababu inamaliza duara lake kwa muda ule ule dunia inaotumia kujizungusha mara moja. Pembe zinazozungukwa kwa muda mmoja ni sawa, kasi hazilingani, na yake ni zaidi ya mara sita ya kasi ya nyumba lilipofungwa dishi. Kila sekunde inaanguka kuelekea kwetu sentimita 11. Wengi hudhani mafuta yake yanachomwa ili isisimame au isidondoke, na hapo ndipo fikra ya kale, kwamba kitu hakiendi bila kusukumwa, bado inaishi mitaani. Kuzunguka hakuigharimu hata tone. Mafuta hutumika kusahihisha vivuto vidogo vya mwezi na jua, na vya dunia yenyewe kwa kutokuwa tufe kamili, ambavyo huisogeza setilaiti kutoka mahali dishi linapoitafuta. Yakikaribia kwisha, waendeshaji wake huyatumia yaliyobaki kuipandisha kama kilomita 300 ili impishe mrithi, na huko huendelea na duara lake, polepole kidogo kuliko awali, bila injini.